TUPEANE UZOEFU: siku rezo ilikatika, na zile odio zilizoingia mu nyumba zetu

Mwalimu wa Ndosho (Goma)

Habari zenu ba kaka na ba dada, ba papa na ba mama. Nafungua hii mada ju intaneti ya Kongo inaongelewaka kama ni mambo ya ba minisitri na makampuni paka, na sisi wenye tulipitisha siku bila kujua kama ndugu zetu bako wazima hatuulizwe. Kila mwenye iko na kitu kilimupata aandike: siku rezo ilikatika ulifanya nini, ao odio gani, ao maneno gani ya redio, yaligeuza maisha ya nyumba yako. Musilete hotuba, muandike kile kilipita kwenu.

Naanza mi mwenyewe. Mwisho wa Januari 2025 vita iliingia Goma, umeme ukakatika, maji ya bomba ikakatika, intaneti na yenyewe ikaenda. Wenye bako karibu na mupaka walikuwa banashika kidogo rezo ya Rwanda, sisi wa Ndosho hapana. Watu wakaanza kushuka na madumu mpaka ziwani, mwendo mrefu na hofu njiani. Sasa mbele rezo haijaisha kabisa, odio moja ilikuwa imeshaingia mu matelefone: mwanaume, sauti ya utulivu, hasemi jina, hasemi iko wapi, anasema maji ya ziwa upande wa Kituku imetiwa sumu na hata ukichemsha ni bure. Kisha rezo ikaisha. Muone hapo kilitokea nini, ju hapo njo roho ya mambo yote: hakuna kumupigia dokta, hakuna kuuliza mutu wa Kituku kama kuko mutu amekufa, lakini odio yenyewe inaendelea kutembea, batu banapeana na Bluetooth, banaisikilizishana pa barabara, mwenye hana telefone anaambiwa kwa mudomo na aliyemwambia ameongeza yake. Kwa jirani yangu watoto walishinda na kiu na madumu imejaa pembeni ya mulango.

Mama moja muuguzi wa kituo cha afya cha hapa akatoka kwa miguu, akaingia parsele kwa parsele: hatari ya hii maji ni kolera, chemsheni, mwenye iko na klore atie, watoto bakunywe. Ndiye alibadilisha mambo mu avenue yetu.

Kila mara intaneti ikikatwa kwa amri tunaambiwaka ni kusudi uongo usitembee. Awe ni mutu alikata kwa amri, ao ni vita, ndani ya nyumba inakuwa ileile: uongo ulishafika, kilichokatwa ni jibu. Haya, mulete yenu.

Kambisti wa Birere (Goma)

Asante mwalimu. Mi narudi nyuma, uchaguzi wa tarehe 30 Desemba 2018. Kesho yake asubuhi nafungua meza yangu, intaneti hakuna, SMS hakuna, na nyuma yake hata RFI, redio ya Ufaransa, ikazimwa. Ilidumu karibu wiki tatu, rezo ilirudi kati ya mwezi wa Januari 2019. Mushauri wa rais alieleza kwamba ni ju ya matokeo ya uongo yalikuwa yanatembea mu mitandao.

Kazi yangu ni kuvunja dola na kutuma pesa kwa simu. Kama SMS haifiki, muteja anakutazama na macho mengine: umesema umetuma, kule Walikale banasema hawajaona kitu, nani anasema kweli? Wateja wa miaka mingi tulikosana nao ju ya vipande vya pesa vyenye vingehakikishwa na ujumbe moja. Mama moja alilala pa mulango wangu mpaka asubuhi ju mwanaye alikuwa mu hospitali na pesa "haionekani". Pesa ilikuwa imefika. Ujumbe njo haukufika.

Na intaneti ikakuwa kitu ya wenye njia. Kila asubuhi batu wanavuka barriere ndogo ya mupaka kuingia Gisenyi, Rwanda, anasimama pa ukuta kule, anashusha mameseji ya siku nzima, anarudi Birere na "habari". Vijana waliuza rezo kwa dakika na kadi ya simu ya Rwanda. Sasa fikirieni: Maaskofu wakatoliki wa CENCO walikuwa na watazamaji 40,000 mu vituo vya kura, kazi kubwa namna ile, na mukaaji wa Birere mwenye hana pesa ya kulipa dakika tano anaambiwa matokeo na mutu aliyetoka kuvuka na sukari na majina ya washindi yaliyobadilika njiani. Kila kona ilikuwa na rais wake. Mpaka CENI, tume ya uchaguzi, ikatangaza usiku wa kuamukia tarehe 10 Januari, na hapo nusu ya batu hawakuamini, na nusu hawakuamini wale wasioamini.

Wala ile haikuwa mara ya kwanza. Desemba 2011 walifunga SMS. Januari 2015 intaneti. Desemba 2016 mitandao ya kijamii. Desemba 2017 wakati wakristo walitaka kuandamana. Sheria ya simu ya 2002 ilikuwa inapatia serikali nguvu ya kukataza kwa sababu ya usalama, hawakuhitaji kuuliza mutu. Mufanyabiashara wa Goma alishazoea: kura ikikaribia, unaweka pesa ya mkononi kando.

Yaya wa Kamalondo (Lubumbashi)

Jambo yenu. Mi niko wa Lubumbashi, na yangu inaanzia wakati hakuna mutu alijua intaneti ni kitu gani.

Tulikuwa batoto wa Mobutu. Mbele ya habari ya jioni televizyo ilikuwa inaonyesha sura yake inashuka mu mawingu, kila siku, mpaka mudogo wangu alikuwa anauliza mama kama rais anaishi juu na Mungu. Papa alikuwa anaenda kuimba na kucheza animasyo ya chama, mutu muzima, baba ya batoto saba, na akirudi hakuna kitu anasema. Shiye tulijifunza mapema kama kile kinasemwa na redio na kile kinasemwa ku mezani ya bukari ni vitu viwili, na ya mezani haitoke inje.

Lakini kile kiliingia mu damu yangu ni 1992. Mwezi wa Agosti Konferansi ya Taifa ilimuchagua Étienne Tshisekedi, mutu ya Kasai, kuwa waziri mukubwa, pa nafasi ya Nguz mutu ya Katanga. Na huku gavana wetu Kyungu wa Kumwanza alikuwa anaongea mu mikutano, batu ya Kasai banaitwa bilulu, ni kusema wadudu. Hakukuwa Facebook. Kulikuwa mikutano, redio, na vijana ya chama yake. Ile neno ilianza kusemwa pa mukutano, kisha pa soko, kisha batoto wakaanza kuisema ku masomo, na siku banakuja kubomoa milango hakuna mutu alishangaa sana, ju masikio ilishazoea. Minakumbuka Likasi, kwa shangazi yangu, pa gari ya moshi: batu elfu na elfu mu gare na mu masomo banangojea treni ya kurudi Kasai, Kasai yenye wengi yao hawajaiona na macho, babu yao alikuja kufanya kazi mu mine wakati ya Wabeleji. Batoto walikufa pale na surua na kuhara. Mama mwenye alinifundisha kusoma alikuwa mule ndani, amebeba mashini yake ya kushona. Sikumuona tena.

Sasa muelewe kwa nini 2023, mbele ya uchaguzi ya Desemba, odio ilipoingia mu grupu ya familia yetu na maneno ileile, "bale barudi kwao," mwili wangu ulitetemeka. Sauti ya kijana, pengine hajazaliwa ile mwaka. 1992 ilihitajika miezi ya mikutano mpaka chuki ifike kila nyumba. Hii ilitoka asubuhi, saa sita ilikuwa imeshapita komine za hapa Lubumbashi, Katuba, Kenya, Ruashi, na watu watatu tofauti walinitumia mi mwenyewe.

Sikutoka mu grupu. Nilichukua telefone na mi nikaongea odio yangu, nikasema jina yangu, nikasema mwaka, nikasema Likasi, nikasema mashini ya kushona. Wapwa zangu walinipigia usiku ule mmoja mmoja: yaya, ile kitu ilitokea kweli? Hakuna mutu aliwaambia. Bale tulikuwa pale tulinyamaza miaka makumi, na kijana wa odio alipata nafasi iko wazi.

Muganga wa Majengo (Goma)

Yaya wa Kamalondo nimesoma mara mbili. Pole sana.

Mi ni wa Ebola. Tarehe 14 Julai 2019 kesi ya kwanza ilithibitishwa hapa Goma, muchungaji aliyetoka Butembo na basi, na siku tatu nyuma ya hapo Shirika la Afya Duniani likatangaza dharura ya dunia nzima. Batu wa inje wakasema watu wa Kivu ni wajinga, hawaamini ugonjwa. Hapana. Mukumbuke kile kambisti ameandika juu ya uchaguzi. Ile tarehe 30 Desemba Beni na Butembo hawakupiga kura, waliambiwa ni ju ya Ebola na usalama, basi watapiga mwezi wa Machi, wakati rais mupya ameshaapishwa Januari. Beni watu walijipangia kura yao wenyewe, wakanawa mikono mbele ya kupanga mustari, kuonyesha kwamba inawezekana. Nyuma ya hapo unafika na vesti yako ya kazi unamwambia mama "Ebola iko", anakujibu "ile ya kura?" Utamulaumu na nini? Ugonjwa ulitumiwa mu siasa mbele ya macho yake.

Na matangazo tulikuwa nayo mengi: redio, mabango, gari na spika, SMS. Kila pa kuingia pa Goma ndoo ya maji na klore na kile kipimo cha joto pa paji la uso. Lakini pa Majengo kulikuwa bibi moja alikataa chanjo, na nyumba yote ikamufuata, ju mujukuu alimusikilizisha odio kwamba chanjo inazuia kuzaa. Wenzangu walikwenda kumueleza, wakabishana naye, wakarudi. Mi nilikwenda na mama moja aliyepona, wa Butembo. Sikuongea. Bibi alimuuliza maswali yake yote: walikufanya nini ndani, walikupatia chakula gani, kweli wanakataka viungo vya maiti, na wewe utazaa tena? Yule mama akajibu moja kwa moja, mengine hakuficha, alisema kule ndani kuliogopesha na kwamba alikuwa analia usiku. Nafikiri ni pale njo bibi aliamini, pale alisikia mutu anakubali hata kile kibaya. Matangazo yetu hayakuwa na kitu kibaya hata kimoja ndani.

Mulipuko ulitangazwa kwisha tarehe 25 Juni 2020. Watu 2,287 walikuwa wamekufa.

Papa wa Bagira (Bukavu)

Mi naongea kinyume kidogo na mwalimu, munisamehe.

Pa kwetu Bagira kijana moja muuza nguo, nilimujua tangu mutoto, mutu alitupa foto yake mu grupu na maandishi "huyu ni mwizi wa watoto". Bila jina la mutoto, bila jina la mzazi, bila kitu. Nyuma ya saa chache watu bako na matairi. Alipona ju padri alimufungia mu nyumba ya paroisi mpaka usiku. Leo anaishi Uvira, hawezi kurudi. Aliyetupa foto anapita hapa, ananisalimia.

Kwa hiyo mukisema serikali isiguse intaneti, mi nauliza, na ule kijana? Kode ya numeriki, ile sheria ya intaneti ya Machi 2023, iko na artikle 360, mwenye kuanzisha ao kusambaza habari ya uongo juu ya mutu: kifungo mwezi moja mpaka sita, na faini ya faranga 500,000 mpaka 1,000,000. Mi nilifurahi kuisoma. Nataka itumike pa Bagira.

Mwanafunzi wa Ibanda (Bukavu)

Papa wa Bagira, na heshima yote. Ule kijana anastahili haki, na mi nataka ile sheria imulinde. Lakini angalia imemufikia nani. Muandishi wa habari Stanis Bujakera alikamatwa Septemba 2023, miezi sita mu gereza Kinshasa, kesi ya habari ya uongo, ju ya andiko lenye hata halikuwa na jina lake, akatoka Machi 2024. Mutupa foto wa Bagira anakusalimia asubuhi. Nyuma ya ile kesi admini wa grupu yetu ya masomo alifunga grupu, yeye peke yake njo anaweza kuandika, akasema hataki kulala gerezani ju ya maneno ya mwengine. Grupu ya noti za masomo!

Mi yangu ya nyumbani ni hizi mbili. Ya kwanza ni RAM, ile kodi ya kuandikisha simu, mutakumbuka, tangu 2020: dola 1 kwa mwaka kwa simu ndogo, dola 7 kwa simu ya 3G ao 4G, wanakata mu inite zako moja kwa moja. Mama yangu anauzisha ndizi, anaweka inite za faranga 500 asikie mwanaye iko Kalemie, anapiga, sauti inamwambia salio hakuna. Alifikiri sisi watoto tunamuibia. Ilifutwa mwanzo wa 2022 nyuma ya kelele nyingi za vijana na za bunge, lakini mu nyumba yetu kulikuwa mwaka muzima wa kushukiana.

Ya pili ni 2025. Mwanzo wa Februari mutandao wa X haufunguki, duka la Google Play halifunguki, bila VPN, programu ya kuzunguka kile kimefungwa, hapana. Sasa VPN unaitoa wapi kama duka lenyewe limefungwa? Batu wakaanza kupeana programu na Bluetooth, mwenye aliipata kwa rafiki wa rafiki. Binamu yangu aliweka moja, na pesa yake ya simu ikaondoka yote, pesa ya mitihani. Nyuma ya vita kuingia Bukavu, kati ya Februari, ikaja tabia ingine yenye sisi wote tunayo sasa: mbele ya kutoka nyumba unafuta. Unafuta mazungumzo, unafuta foto, unatoka mu magrupu, ju hujui nani ataomba kuona telefone yako. Nilifuta odio za baba yangu aliyekufa 2022, ju mu moja alikuwa anaongea siasa. Sikuwa na pengine pa kuziweka.

Papa wa Bagira (Bukavu)

Mwanangu, pole juu ya baba. Kuhusu sheria nakubali imechukua watu wasiopashwa. Nabaki pale kwa foto. Mutu anayeua kwa foto asipite hivi hivi.

Mwalimu wa Ndosho (Goma)

Papa, hapo hatuko mbali. Kumufuata mutu moja aliyetupa foto, na ushahidi, mbele ya hakimu, mi naunga. Kufunga intaneti ya mamilioni ya batu ju ya yule moja, hapana, na ninyi mumeona kwa kambisti kile inafanya. Ni kazi mbili tofauti na ya kwanza haifanywe ju ni ngumu.

Motari wa Katindo (Goma)

yangu fupi niko kazini. tarehe 22/5/2021 jumamosi jioni volkano nyiragongo ilipasuka, mbingu nyekundu, hakuna tangazo, kila mutu anapiga kila mutu, rezo ikajaa haipite tena. nilibeba watu kuelekea sake mpaka mafuta ikaisha. kuna wenye walikimbilia rwanda na wenye walikimbia KUELEKEA moto ju odio iliwaambia lava inashuka upande wa airport paka. kisha tarehe 27 alfajiri gavana akatangaza kata 10 zihame, na mule mu odio wakaongeza ziwa litalipuka na gesi, watu wakaachiliana watoto pa bandari. nyuma njo tukasikia kama wale wa OVG wenye banachunga volkano walipitisha miezi tangu mwisho wa 2020 bila intaneti ya kupokea data ya mashini zao, pesa ya mradi iliisha, ikarudi aprili, mwezi moja mbele ya moto. mji wa watu namna hii chini ya volkano. kukata intaneti si kubonyeza tu, kuna kuikata kwa kutoilipia. mi ile inaniuma kuliko yote ju hapo hakuna mutu ataulizwa

swali kwa wa bukavu, mulifanya nini pesa na namba ya watu siku hakuna rezo? nataka kupanga mbele

Mama wa Kadutu (Bukavu)

Motari, nakujibu mi. Namba zote za maana nimeandika mu kayie na biki, kayie mbili, moja nyumbani moja kwa dada yangu Nguba, ju simu ikiibiwa ao ikizimika umekuwa kama kipofu. Pesa kidogo mu mkono, ya siku chache, zingine mu likelemba, ile ya kuchangiana pesa kwa zamu, na wamama wa soko la Kadutu, hapo hakuna rezo ya kukata. Redio ndogo ya mabetri, na mabetri ya akiba usiyaguse kwa tochi.

Kuhusu odio, mu grupu yetu ya likelemba tuko wamama wengi, tulikubaliana: odio ikiingia bila jina la anayeongea, bila tarehe na bila mahali, mwenye aliituma anaulizwa aliipata kwa nani, na anapiga ule mutu pale pale tukiwa tunamusikia. Mara nyingi unakuta mutu wa tatu hajui. Wamama wawili walikasirika wakatoka, moja amerudi. Na siku rezo hakuna, mutu akija sokoni na habari ya kutisha, tunamutuma mama moja aende kuona kama ni karibu, tunamulipia transporti kwa mufuko wa likelemba. Mwezi uliopita walisema daraja la Ruzizi, la kuvukia Rwanda, imefungwa, watu wakaanza kupandisha bei ya unga. Mama alikwenda, akakuta iko wazi, akarudi mbele ya saa nne, unga ikabaki bei yake. Transporti ilikuwa faranga 2,000 kwenda na kurudi.

Motari, kayie nunua ile ya ganda ngumu.